Ukiwapeleka wanafunzi hospitalini, anzia maabara

Wanafunzi wengi wa shule za kutwa kule Nyakach, Seme au Muhoroni, kaunti ya Kisumu, wanajua kazi mbili tu za hospitali: daktari na nesi. Mpiga eksirei, msoma damu, mtengeneza miguu bandia, hao hawajawahi kuwaona kazini. Daktari mmoja kuhutubia wanafunzi 300 uwanjani hakuzibi pengo hilo. Wapelekeni kazi inakofanyika.

Kila idara ipate wanafunzi sita, wasizidi wanane. Epukeni Jumatatu, maana foleni huwa ndefu na hakuna mhudumu mwenye nafasi ya kueleza. Simu zibaki shuleni: picha moja ya mgonjwa ikiingia WhatsApp, hospitali haitawapokea tena.

Anzeni na maabara. Huku kwetu hakuna mtoto asiyeijua malaria, ila ni wachache walioiona. Mtaalamu awaonyeshe tone la damu likikaushwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Rangi ikiwa ya asilimia 10, huachwa kama dakika 10. Kioo huoshwa, hukaushwa, kisha hutiwa tone la mafuta chini ya lenzi ya hadubini ya mara 100. Wengi huona ukungu kwanza. Wazungushe skrubu ndogo pekee, ile kubwa huvunja kioo. Ghafla hutokea vipete vya buluu, kila kimoja na nukta nyekundu: ndivyo vimelea vya malaria. Mwacheni kila mtoto atazame dakika mbili kamili, bila kumharakisha. Vioo visiwe na majina ya wagonjwa.

Chumba cha vidonda kije baada ya chai na mkate. Anayezirai mara nyingi ni aliyedamka bila kula, kisha akasimama kwenye joto. Mlazeni, inueni miguu, asiamke haraka. Tafadhali msimwambie mtoto huyo kwamba hana moyo wa kazi hii. Damu huzoeleka.

Ziara ifanyike kabla ya kuchagua masomo, yaani Gredi ya 9. Gredi ya 10 mwanafunzi huchagua matatu tu juu ya yale ya lazima, na akiikosa biolojia, nyingi ya kazi hizi zinamponyoka. Kwa wanaofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, stashahada ya uuguzi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, hutaka wastani wa C, pamoja na C ya biolojia na ya Kiingereza au Kiswahili. Anayependa eksirei asiiache fizikia. Wazazi nao waelezwe mapema kuhusu bursari ya eneobunge, kwa sababu wengi humkataza mtoto kwa kuhofia karo kabla hata hajatuma maombi.