Mume wangu anataka V8 ya kuvutia boti, mimi nataka Harrier

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Mbeya na mume wangu na watoto wetu wanne, wa mwisho ana miaka mitatu. Mwaka jana mume wangu alinunua boti ya faiba ya mita sita pamoja na tela lake, iko hapa uani. Kwao ni Matema, hivyo kila likizo tunashuka nayo ziwani. Safari iliyopita tulivuta kwa RAV4 yetu. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Tukuyu nikasikia harufu ya breki kuungua, na tela likawa linayumba nyuma yetu huku watoto wamelala. Sasa anataka tuuze RAV4, nichukue mkopo kwenye SACCOS ya kazini, tununue V8 iliyotumika. Mimi naona V8 itatumaliza kwa mafuta. Nataka Harrier, na shemeji yangu anasema nayo inavuta tu. Mume wangu ananijibu kwamba magari si mambo ya wanawake. Huu ni mwezi wa pili hatuongei vizuri. Nani yuko sahihi?*

*Mama Wanne, Mbeya*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya V8 na Harrier, nirudi kwenye ile harufu, maana ndiyo iliyoninyima raha niliposoma barua yako. Breki zinaponuka namna ile zimeshapata joto kupita kiasi. Zikizidi hapo unakanyaga pedeli na gari halishiki. Na barabara yenu naijua: kutoka Uyole inapanda, kisha inaanza kuporomoka kwenda Kiwira, Tukuyu, hadi Kyela. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Mteremko wote huo mlishuka na boti mgongoni, na Rungwe mvua haikatiki, lami inateleza. Safari nyingine ya namna ile isiwepo. Hata mkikosa kununua gari lolote mwaka huu, boti isitoke uani nyuma ya RAV4 hiyo.

Hilo la magari kutokuwa mambo ya wanawake, mwambie Shangazi amelikataa. Aliyenusa breki ni wewe, na mkopo utaandikwa jina lako. Una haki ya kuuliza kila swali.

Sasa swali la kwanza la kuuliza, ambalo naona hakuna aliyeliuliza nyumbani kwenu: boti hiyo ina kilo ngapi? Wewe unataja Harrier, yeye anataja V8, shemeji anasema inavuta tu, na uzito wenyewe hamuujui. Boti ya faiba ya mita sita peke yake inaweza kukaribia tani moja. Ongeza injini, betri, nanga, kamba, na petroli, ambayo lita 100 zake ni kama kilo 75. Ongeza tela lenyewe. Halafu najua familia zinavyosafiri kwenda ukweni: gunia la viazi mviringo linawekwa ndani ya boti kwa sababu kuna nafasi. Msikisie. Ipelekeni kwenye mizani ya ghala la mazao au ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ikiwa imepakiwa vilevile kama siku ya safari. Karatasi ya mizani itamaliza nusu ya ugomvi wenu.

Ukishaipata namba, litazame tela kabla ya gari. Chungulia nyuma ya matairi yake: lina breki? Nchi nyingi zenye sheria kali za kuvuta haziruhusu tela lizidi kilo 750 bila breki zake lenyewe. Matela mengi ya boti yanayouzwa huku hayana kabisa, au zilikuwepo zikashikwa na kutu kwa kutumbukizwa majini. Tela lenu likiwa hivyo, hata V8 mtakayonunua itakuwa inasukumwa mteremkoni na zaidi ya tani moja isiyojizuia. Kuna mfumo mzuri ambao tela hujifunga breki lenyewe pale linapoanza kulisukuma gari. Fundi mwenye akili zake anaweza kuufunga, na pesa yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari. Anzeni hapo.

Kule kuyumba nako kuna sababu. Mara nyingi ni uzito kukaa nyuma mno, na kwa boti ni rahisi maana injini inaning'inia mkiani. Ulimi wa tela, pale linaposhikana na gari, unatakiwa kubeba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Boti isogezwe mbele kidogo kwenye tela, mizigo itolewe nyuma. Na likianza kuyumba tena, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aachie mafuta taratibu, usukani aushike umenyooka mpaka litulie.

Haya, magari.

Harrier ni gari zuri la mjini na mnalipenda wengi, lakini kwa kazi hii nakukatalia. Mchukue ndugu yake RAV4: kule Australia, ambako watengenezaji huandika wazi uwezo wa kuvuta, RAV4 ya mwaka 2013 hadi 2018 inayovuta kwa magurudumu ya mbele peke yake imeandikiwa kilo 800, na ya magurudumu manne yenye injini ya lita 2.5 kilo 1,500, tena tela liwe na breki. Boti yenu huenda imegusa hapo au imepita. Na Matema ni ufukwe wa mchanga. Gari linaloshika mbele, likielemewa na tela nyuma, pua inakuwa nyepesi na matairi yanachimba tu. Shemeji anaposema inavuta tu, anasema kweli kwa barabara tambarare. Kuvuta si shida kubwa, shida ni kusimama.

V8 nayo, kwa nguvu, mume wako hajakosea. Land Cruiser 200, ndiyo hiyo V8, imeandikiwa kuvuta kilo 3,500. Ila boti yenu haifiki hata nusu ya hapo, labda mizani iseme vingine. Mtalipia mafuta, matairi na vipuri vya gari hilo siku zote za mwaka, wewe ukienda zamu na watoto wakienda shule, kwa sababu ya safari chache za likizo. Na V8 ya bei nafuu mara nyingi ni V8 iliyochoka. Hapo wewe ndiye uliyeona mbali.

Ningekuwa nanunua mimi, ningetafuta Prado ya dizeli. Nasisitiza dizeli, kwa sababu Prado nyingi zinazoletwa kutoka Japani ni za petroli, lita 2.7, na watu hununua umbo bila kuuliza injini. Ile ya petroli ina msukumo wa nyutonimita 246, yaani kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu. Ya dizeli ya lita 2.8, iliyoanza mwaka 2015, ina 450 kwa giaboksi otomatiki. Tofauti hiyo mtaiona kwenye kilima cha kurudi, pale ya petroli itakapopiga kelele kwa gia ndogo njia nzima huku ya dizeli inapanda kwa utulivu. Ina chesisi ya kweli, na ile gia ya ziada ya 4L, ya mwendo mdogo na nguvu nyingi kwa magurudumu manne, ya kutolea boti mchangani. Kwa watoto wanne, hakikisha ni ya viti saba na kila kiti kina mkanda unaofunga. Uvute mwenyewe, mmoja mmoja, usikubali maneno ya dalali.

Halafu lala chini utazame nyuma ya gari. Chuma cha kuvutia tela kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Kikiwa kimechomelewa kwenye bampa, kitoeni mtengeneze kingine.

Lakini kuna njia ambayo ningependa muijaribu kabla ya kukopa chochote. Kwa nini boti inarudi Mbeya? Wakwe zako wako Matema. Boti inaweza kukaa kwao, juu ya tela lake, imefunikwa turubai jua lisiile faiba. Injini ndiyo wezi wanayoitafuta. Ifunguliwe, watu wawili waibebe, ifungiwe ndani au irudi nanyi kwenye gari. Mara ya kwanza ya kuishusha mnamkodi mtu mwenye Land Cruiser pikapu na tela lenye breki, basi. Nyinyi mnashuka na gari lenu la kawaida. Mume wako anapata ziwa lake, wewe unalala usingizi. Muulize kwa upole kama kuna sababu ya boti kukaa uani. Huenda ipo. Mwanaume aliyekulia ziwani akaishia kufanya kazi mlimani anaweza kuwa anapenda tu kuiona kila asubuhi, na hilo usilidharau, mwanangu. Sema naye ukiwa unajua kwamba anachokipigania huenda ni kwao.

Mazungumzo yenyewe msiyafanye usiku mmechoka, wala mbele ya shemeji. Nendeni naye kwenye mizani, wawili tu. Mkiwa na karatasi mkononi, mweleze ulivyoogopa siku ile, kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Sidhani kama amewahi kuyasikia. Naona amesikia Harrier tu.

Mkikubaliana kukopa, kadi ya gari iwe kwa jina lako mpaka deni liishe. Si kumkosea heshima. Mshahara unaokatwa ni wako, na mtu mwenye nia njema hatalikataa.

Gari lolote mtakaloshuka nalo, Kiwira na Tukuyu mwendo uwe wa gia ndogo, ile ile ambayo gari lingehitaji kupanda kilima hicho, breki ziguswe kidogo kidogo. Simameni Tukuyu, mume wako asogeze kiganja karibu na vikombe vya magurudumu ya tela. Kimoja kikiwa na moto kuliko wenzake, beringi au breki imeshika, na msiendelee mpaka mjue ni nini.

Na huyo wa miaka mitatu ana jaketi okozi la saizi yake? Hukulitaja. La mtu mzima litamvuka kichwani akiingia majini. Linunue kabla ya gari, na upepo wa mwera, ule mkali wa kutoka kusini, ukianza kuvuma, watoto wabaki ufukweni na bibi yao.

Shangazi