Pikipiki kubwa ikigoma stata: maswali yenu

Wiki hii karibu maswali yote ni ya stata, na sishangai, tangu daraja la Kigongo–Busisi hapa Mwanza lifunguliwe 2025 wenye pikipiki kubwa wote wanataka kwenda Bukoba na kurudi bila kupanga foleni ya kivuko, sasa ndo betri zinaumbuka njiani. Kabla sijajibu: kama una pikipiki kubwa na huna multimita, yaani kile kipimo cha umeme, kanunue hata ile ya bei ya chini kabisa. Utaona ninavyoitaja mpaka uchoke.

Fundi, nina Honda Africa Twin, nikibonyeza stata inalia tak-tak-tak, dashibodi inazima na saa inarudi mwanzo. Nimepima betri ina volti 12.5. Fundi wa huku Kirumba anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?

Usinunue kitu kaka, tulia kwanza. Hiyo tak-tak-tak ni rilei ya stata, yaani ile swichi inayoipelekea stata umeme, inashika inaachia, inashika inaachia. Ukibonyeza umeme unatosha kuivuta, stata ikianza tu kunywa volti zinaporomoka, rilei inaachia, zinapanda, inashika tena. Maana yake umeme mwingi haufiki, na hilo sio kosa la stata mara nyingi.

Hizo 12.5 umepima pikipiki imelala, na betri iliyochoka inaweza ikakuonyesha 12.5 ikiwa imelala halafu ukiipa kazi inazimia. Pima hivi: ncha za multimita ziguse risasi ya betri yenyewe, yaani vile vichwa viwili vya chanya na hasi, sio kile kichwa cha waya, mwenzako abonyeze stata huku wewe unaangalia namba. Ikishuka chini ya 9.5 hivi, ichaji mpaka ijae, rudia, ikishuka tena betri imekwisha hata kama ni ya juzi.

Ila kama namba inabaki 11 au 12 na dashibodi bado inazima, betri ni nzima, umeme unapotelea njiani. Hapo ncha nyeusi iweke kwenye risasi ya hasi, nyekundu igusishe kwenye boliti ya injini isiyo na rangi, bonyeza stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.2 sawa, 0.3 sawa. Ukiona 1 au 2 basi ethi yako, yaani njia ya hasi toka betri mpaka injini na fremu, ni mbovu, na hiyo ni kazi ya msasa na spana namba 10, sio ya stata mpya. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, toka risasi ya chanya mpaka boliti ya stata, hapo 0.5 haina shida. Ukifungua anza na waya wa hasi, ukifunga malizia na huohuo wa hasi, la sivyo spana ikigusa fremu utaona cheche hutasahau. Angalia na ile boliti ya ethi kwenye fremu, mara nyingi inakuwa na ukungu wa kijani chini yake na juu inang'aa kabisa.

Ukishapima hayo yote yakawa sawa na bado inagoma, sasa ndo tuilaumu stata.

Shikamoo fundi. Nina Suzuki V-Strom 650, taa zinawaka, pampu ya mafuta nasikia inalia nikiwasha swichi, lakini stata kimya, hata tak hakuna. Niko Nyegezi nina abiria.

Marahaba mwanangu. Bana klachi. Sio utani, V-Strom nyingi hata ikiwa frii, yaani haiko kwenye gia, hazipigi stata mpaka ubane klachi, na wengi waliotoka kwenye pikipiki ndogo hawalijui hili. Kama umebana na bado kimya, angalia kaswichi kadogo kalikokaa kwenye mkono wa klachi, vumbi linakaziba, kabonyeze kwa kidole huku unapiga stata. Kisha angalia taa ya frii kwenye dashibodi, hakikisha inawaka kweli. Swichi nyekundu ya kuzimia ingekuwa imezimwa hata pampu usingeisikia, kwa hiyo hiyo iache.

Na fundi asije akakushawishi mkate waya wa swichi ya stendi muunganishe moja kwa moja. Siku ukisahau kukunja stendi, kona ya kwanza ya kushoto inakumwaga wewe na abiria wako.

Mimi ni dada wa Igoma, hii ni betri ya tatu, zote zinakufa ndani ya miezi michache. Nimefunga taa mbili za spoti na chaji ya simu.

Dada, acha kununua betri, tafuta anayeziua. Washa injini, panda mizunguko kama 4000 au 5000 kwa dakika, pima kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni salama. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji, inaikaanga, na hiyo ndiyo mbaya zaidi maana unaona inawaka vizuri kabisa.

Kama haichaji, tafuta soketi yenye waya tatu zinazotoka kwenye koili ya injini inayozalisha umeme, kwa pikipiki nyingi ni za njano zote. Ichomoe, weka multimita kwenye AC (alama ya volti yenye wimbi), injini ikiwa inazunguka pima mbilimbili: zote tatu zinatakiwa kulingana, na kwa nyingi zinapita 50 kwenye mizunguko 5000. Moja ikiwa chini sana koili imeungua. Zikilingana, mtuhumiwa ni rektifaya. Hiyo soketi yenyewe pia iangalie, plastiki ikiwa imeyeyuka na kuwa kahawia umeshapata jibu.

Taa zako je? Kama ni za balbu za wati 55, mbili ni wati 110, zaidi ya ampea 9. Kwenye foleni ya Buzuruga injini iko silensa, yaani inazunguka polepole bila mafuta kuongezwa, feni inazunguka, hapo betri inatoa kuliko inavyopokea. Weka za LED.

Naiacha Mwanza nikienda Ukerewe wiki mbili tatu, nikirudi haiwaki. Ina kifaa cha kufuatilia wizi.

Ndo huyohuyo kifaa. Kikila milliampea 20 tu, kwa siku ni karibu nusu ampea-saa, betri ya ampea-saa 10 wiki mbili inatosha kuiua. Chomoa hasi, au mwambie aliyefunga akiweke kwenye hali ya kulala.

Naweza kubusti, yaani kuazima umeme, kwa betri ya gari?

Ndiyo, gari la volti 12, na gari lenyewe liwe limezimwa. Waya wa hasi wa mwisho ufunge kwenye injini ya pikipiki, mbali na betri.

Naosha pikipiki ziwani, siku hiyohiyo inasumbua kuwaka.

Tatizo ni zile pampu za presha, maji yanasukumwa mpaka ndani ya soketi na kwenye kitufe cha stata. Osha na ndoo. Kwa sasa toa siti, fungua soketi moja moja, kausha kwa upepo, paka grisi ya umeme kidogo ufunge. Na tafadhali usioshee mule ziwani, oili yako inarudi kwenye sato tunaokula.