"Kumbe Mwatunywesha Siku Zote?": Kwa Mnaoanza Kazi ya Maji na Jamii Mombasa

Mkutano wangu wa kwanza juu ya kunywa maji taka yaliyosafishwa ulikuwa Kisauni, chini ya mwembe, baada ya swala ya alasiri. Nilikwenda nimejiandaa: picha za mitambo, takwimu, na hoja moja niliyoiona haina wa kuipinga. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani mbele kabisa akauliza, "Yaani mwataka tunywe maji ya choo?"

Nikamjibu upesi, maana swali hilo nililisubiri. Nikamwambia, bibi, sehemu ya maji yetu ya mfereji yatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Sabaki ndio Galana, na Galana hupata maji kutoka Athi. Mto Nairobi huingia Athi, na maji taka ya Nairobi yakishasafishwa kule Ruai humwagwa kwenye mto huohuo wa Nairobi. Basi sisi Mombasa miaka yote twanywa maji ambayo mengine yalishapita Nairobi, na tu wazima.

Pakawa kimya. Kisha bibi akasema, "Kumbe mwatunywesha siku zote? Na hamkusema?"

Siku ile haikusemeka tena kitu. Hakuna aliyenisikia nikieleza kwamba mchanga wa Baricho huchuja, kwamba mto ukisafiri mamia ya kilomita hujisafisha kwa kiasi chake, wala kwamba maji hutiwa klorini kabla ya kuingia mabombani. Walichosikia ni kwamba wenye maji walikuwa na jambo wakilijua na wao wenye kunywa hawakuambiwa. Mimi nilileta habari ya kuwatuliza, wao wakaipokea kama mtu aliyekiri kosa. Na nikifikiria vizuri, walikuwa na haki.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii sasa kwa sababu swali hilo mtalikuta. Mombasa hatuna mtambo wa kuwapa watu maji taka yaliyosafishwa wayanywe. Lakini chemchemi ya Mzima tunakopata maji mengine iko mbali, Tsavo huko, mji unazidi kupanuka, visima vya kisiwani na vya ufukweni vinazidi chumvi, na kila mkutano wa maji hutokea kijana akauliza mbona maji taka yanasafishwa kwenye mtambo wa Kipevu kisha yanamwagwa baharini. Akishauliza hivyo, mjadala umeanza, uwe umejiandaa au hukujiandaa.

Jambo la kwanza ambalo ningetamani mtu angeniambia: usianze na maji ya kesho. Anza na mfereji wa leo. Mtu anayepata maji siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki akinunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, kisha mwisho wa mwezi akaletewa bili kana kwamba mfereji ulitoka kila siku, hawezi kukuamini unapomwambia kuna mtambo utakaoondoa vijidudu vyote. Mzee mmoja wa Mishomoroni alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mita yake. Mfereji ulikuwa mkavu, unatoa pumzi tu, na mshale wa mita ulikuwa ukizunguka. "Huu upepo naulipia," akaniambia. Utamweleza nini mtu huyo juu ya maabara?

Baada ya mkutano ule wa Kisauni nilirudi mara ya pili na daftari tu. Sikutaja maji taka hata mara moja. Niliandika uchochoro gani unapata maji siku gani, nani aliona rangi, nani alisikia harufu, nani ana bili asiyoielewa. Yalikuwa malalamiko 11. Wiki mbili baadaye nilirudi na majibu: 7 yametengenezwa, 4 bado, na sababu za hayo 4 nilizisoma moja baada ya nyingine mbele ya watu. Mkutano wa tatu ndio uliokuwa wa kwanza hasa. Wakubwa wako watakuuliza mbona unapoteza mwezi mzima kabla ya kugusa mada. Waambie mada ndiyo hiyo.

La pili ni kinyaa. Msikubali mtu yeyote ofisini akiite kinyaa ujinga. Aliyelelewa kutochota maji karibu na choo alilelewa vizuri, na kipindupindu kilipopita mitaa yetu, kinyaa hicho kilimfaa kuliko karatasi yoyote ya ofisi. Ukimcheka, umemvunja mzazi wake pamoja naye. Kinyaa kisemeni kwa jina lake, na semeni nyinyi kwanza: haya ni maji yaliyotoka vyooni na bafuni na jikoni, yakasafishwa hatua kwa hatua. Mkitafuta jina zuri la kufunika, atatokea mwingine kuwatajia jina baya, na hilo ndilo litakaloshika.

Kule San Diego, Marekani, mpango kama huu ulipewa na wapinzani jina la maneno machache tu, kutoka chooni hadi mferejini, na mwaka 1999 halmashauri ya jiji ikausimamisha. Toowoomba, Australia, ulikuwa mji wenye kiu ya kweli, mabwawa yamepungua mno, na hata hivyo kura ilipopigwa Julai 2006, asilimia 62 walikataa. Somo ninalolichukua mimi huko si kwamba watu wa Toowoomba hawakuelewa sayansi. Viongozi walianza na mpango, wakaja kwa watu baadaye, na pale katikati palipokuwa wazi wapinzani wakapajaza. Orange County, California, walianza kuzungumza na madaktari, na makanisa, na vikundi vya mitaa karibu miaka 10 kabla mtambo wao haujafunguliwa mwaka 2008. Miaka 10. Sisi tunapewa mikutano mitatu na soda.

Habari ya San Diego ina kipande kingine ambacho hapa kwetu kitawaka haraka kuliko vyote. Watu walisema maji taka ya mitaa ya matajiri yatasafishwa yapelekwe mitaa ya maskini. Fikirieni neno hilo likisemwa Kisauni juu ya Nyali. Mimi nimelisikia kwa masikio yangu: "Wao waoge, sisi tunywe?" Usijibu kwamba haitakuwa hivyo kama huna karatasi inayoonyesha bomba litapita wapi. Windhoek, Namibia, ambako watu wanakunywa maji haya tangu mwaka 1968, maji yaliyosafishwa huchanganywa na maji mengine ya mji, na mji unakunywa pamoja. Mfano huo unafaa kwa sababu ni Afrika, na kwa sababu hauna mtaa uliochaguliwa. Kama hapa kwetu mpango utakuwa wa mtaa mmoja tu kuwa wa kwanza, ulizeni kabla hamjaenda barazani, msije mkayajua pamoja na wananchi.

Sasa dini. Hapa ndipo vijana wengi hukosea kwa kutaka njia ya mkato: wanatafuta fatwa kwenye simu, wanaichapisha, wanaipeperusha. Mimi nilikwenda kwa maalim mmoja wa Mji wa Kale, nikakaa kibarazani kwake, kahawa ikaletwa, nikamweleza toka mwanzo hadi mwisho bila kumwomba kitu. Swali lake la kwanza lilinifunza zaidi ya yote niliyosoma. "Waniuliza tohara, au waniuliza usalama?" Maana ni mambo mawili: tohara ni usafi wa kidini, usalama ni afya ya mnywaji. Maji yanaweza kuwa tohara kwa udhu na yakawa na kitu cha kumdhuru mnywaji, na yanaweza kuwa salama kwa kipimo cha maabara na moyo wa mtu usikubali kuyatawadhia.

Akanieleza kwa madhehebu yetu ya Shafi: maji yakiwa mengi, yamefika kulateni, yaani kipimo cha mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki ila kwa kubadilika rangi au utamu au harufu. Mabadiliko hayo yakiondoka, kwa yenyewe au kwa kuongezewa maji, hurudi tohara. "Lakini si kwa kufunikwa," akasema. "Ukitia manukato harufu ikajificha, hukusafisha." Nilipomtajia uamuzi wa Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia wa mwaka 1978, alikuwa akiujua. Wanazuoni wale walisema maji taka yakisafishwa hadi pasibaki athari ya najisi katika utamu, rangi wala harufu, yanafaa kwa tohara, na kuyanywa kunajuzu ikiwa hakuna madhara kwa afya. Lakini walisema pia kwamba ni bora kujiepusha nayo katika kunywa, kwa tahadhari. Maalim akanitazama. "Hiyo nusu ya pili utaisoma?"

Isomeni. Ukiificha, kesho yake mtu ataisoma msikitini baada ya magharibi, na utakuwa umerudi kwenye lile swali la bibi: na hamkusema? Maalim hakuniahidi hotuba ya Ijumaa wala mimi sikumwomba. Aliniambia atakuja kwenye mkutano akae kama mtu mwingine, na watu wakimuuliza atajibu anachokijua. Alipokuja, swali la tohara lilichukua dakika kumi, na lile la usalama akalirudisha kwangu.

Kwa upande wa mitambo, acheni picha. Tafuteni duka la maji ya kuchujwa. Mitaani yapo tele, mwenye duka ana kisima cha maji ya chumvi na mashine ya kuyachuja. Nilimwomba mmoja wa Majengo atupokee watu wanane asubuhi moja. Alifungua ile silinda ndefu nyeupe, akaonyesha bomba mbili: hili latoa maji matamu, hili latoa yaliyobaki. Bibi yule wa Kisauni alikuwepo. Alikunywa kikombe cha kwanza, akasema hayana ladha yoyote, kama maji ya mvua. Akaonja cha pili kidogo tu kwa ncha ya ulimi akatema. Hapo nikaweza kumwambia kwamba Orange County hutumia chujio la jinsi hiyohiyo, baada ya chujio jingine la kwanza, kisha maji hupigwa mwanga mkali wa urujuanimno (ultraviolet) pamoja na dawa, yakatiwa chokaa kidogo kwa kuwa yamekuwa matupu mno, yakaingizwa ardhini ndipo yavutwe tena na visima. Windhoek hawatumii chujio la chumvi, wao hutumia ozoni, mkaa maalumu, chujio laini na klorini. Tena maji taka ya viwanda huyaweka mbali, yasichanganyike na ya majumbani. Hili la viwanda mlijue vizuri, maana watu wa Changamwe wataliuliza, nao wanaishi karibu na viwanda kuliko nyinyi.

Mvuvi wa Mtongwe aliyekuwa nasi dukani hakujali kikombe. Alinyoosha kidole kwenye bomba la pili. "Haya yaliyobaki, kule yatamwagwa wapi?" Hilo ni swali la kweli, maana chujio haliangamizi uchafu, huukusanya. Sikuwa na jibu la Mombasa, nikamwambia hivyo, nikaandika.

Mkumbuke pia kwamba mnaowaomba wawaamini wana haki ya kuwakagua. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Matokeo ya maabara si siri ya ofisi. Yaandikwe kwa Kiswahili cha kusomeka, si jedwali la herufi na vipimo.

Na lipo swali ambalo huja mwisho, watu wakishaanza kusimama na kukung'uta nguo. Bibi ndiye aliyeuliza, tukitoka dukani. "Siku mashine ikiharibika, nani atanigongea mlango?" Nikamweleza kwamba Windhoek maji yasipofikia kipimo hayapelekwi mjini. Akatikisa kichwa. Hakuwa akiuliza juu ya Windhoek. Alitaka matokeo ya kila mwezi yabandikwe msikitini, kanisani na dukani kwa Hamadi wa kona, na akataka kujua kama mwezi mbaya nao utabandikwa.

Nikapeleka ombi lake ofisini. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Nikaenda nikamwambia ni hapana, na ni nani wa kumwandikia. Wao wakaandika, wazee sita na maalim, nami nikaandika. Miezi miwili ikapita ndipo ofisi ikakubali, ila kwa maji ya mfereji wa sasa tu, ya kule mbele yasizungumzwe kwanza. Nikarudi Kisauni nikiwa na karatasi ya mwezi wa kwanza mkononi, na ndani yake klorini ilikuwa imepungua chini ya kiwango kwa siku tatu. Nilimsomea bibi yote, pamoja na hizo siku tatu. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza siku zenyewe ni zipi, akahesabu kwa vidole alikuwa wapi. Kisha akasogea mkekani, nami nikakaa.