Mkababu, mti unaopukutika mvua zikianza

SWALI: Katika shamba letu la mahindi kando ya mto, huku Pawaga, kuna mti mkubwa unaopukutisha majani yote masika. Majirani wanasema umekufa, tuukate. Ni mti gani? Naweza kuuotesha?
Msomaji, Iringa

JIBU: Msiukate! Kwa tabia hiyo, bila shaka ni mkababu, kitaalamu Faidherbia albida. Huvua majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, kwa kuwa mzizi wake mkuu huyafuata maji ya chini kabisa. Mahindi yaliyo chini yake hupata jua, na majani yaliyoanguka huoza yakawa mbolea.

Hakikisha kwa alama nyingine. Vitawi vichanga ni vyeupe kama majivu na vimepinda huku na huku. Miiba imenyooka, miwili miwili, minene pale inapoota. Ukiona iliyojikunja kama ndoana, huo ni mgunga mwingine. Maganda ya mbegu ndiyo ushahidi mkubwa: rangi ya chungwa, manene, yamejiviringa. Mche mchanga usiupime kwa majani, kwani unaweza kubaki nayo hata masika mpaka mizizi izame vya kutosha.

Kuotesha: okota maganda mwishoni mwa kiangazi kabla mbuzi hawajayamaliza, na utupe mbegu zenye matundu ya wadudu. Gamba la mbegu yenyewe ni gumu, halipitishi maji. Likwangue kidogo upande usio na kiini kwa kikata kucha, au mwagia mbegu maji yaliyochemka, ziache zipoe humo na zilowe saa 24. Panda zilizovimba tu.

Wengi huharibu kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Vifupi hukunja mzizi mkuu, na mche wa namna hiyo hudumaa shambani miaka mingi. Tumia vya sentimita 30, uvisogeze mara kwa mara na ukate mizizi inayotokeza chini. Baada ya miezi mitatu au minne, mvua zikishika, hamishia miche shambani kwa nafasi ya meta 10 kwa 10, yaani takribani 40 kwa ekari. Mwanzoni itaonekana kama haikui, kwa sababu nguvu zinakwenda mizizini. Palilia meta moja kuizunguka, na izungushie miiba: mbuzi akila ncha ya mche kila mwaka, utabaki na kichaka.