Nimeambiwa maji ni salama, mbona yananuka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naokota kome karibu na daraja la Salenda, Dar es Salaam, bahari ikikupwa. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na chupa, bahari imejaa, wakachota maji wakaenda zao. Tukaja kuambiwa maji ni salama. Mbona mvua ikinyesha yanakuwa meusi na yananuka? Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pua yako haijakosea, na chupa yao huenda haikudanganya. Tatizo ni saa waliyochota. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kuliko siku nyingine, bahari ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ikijaa, maji ya bahari huingia mpaka chini ya daraja yakauzimua mto Msimbazi. Ikikupwa unabaki mto wenyewe, na yote uliyoyazoa Vingunguti na Jangwani.

Nimechota maji ya pwani miaka mingi. Siku moja nilijaza chupa mbili mahali pamoja, moja maji yamejaa, nyingine yamekupwa. Maabara tulitafuta enterokokasi, vijidudu vya kinyesi vinavyostahimili chumvi. Baada ya siku 2, sahani ya kuoteshea vijidudu vya chupa ya kwanza ilikuwa na vidoa vyekundu vya kuhesabika. Ya pili vilikuwa vimeshonana, huoni pa kuanzia. Tangu hapo sikupokea tena ripoti isiyotaja saa, hali ya maji na mvua ya mwisho.

Tena wewe huendi kuogelea, unalisha watu. Kome hula kwa kuchuja maji, na mengi ya uchafu humbakia mwilini. Ukimchemsha sawasawa unaua vijidudu vingi, lakini madini kama risasi hayaondoki kwa moto. Madini hayo hunasa kwenye tope, kwa hiyo chupa ya maji peke yake haiwezi kukujibu. Vijana wakirudi, waambie wapime tope na nyama ya kome, waje maji yamekupwa, kiangazi na masika, mahali palepale.

Nawe anza daftari: tarehe, saa, kupwa au kujaa, mvua, rangi, harufu. Nakala mpelekee afisa mazingira wa manispaa, nyingine NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na udai wakugongee muhuri wa kupokea. Kwa sasa, maji yakiwa meusi usiokote kabisa, hata kama mteja anasubiri barabarani.