Mama Ndiye Anayekata Tiketi: Maswali ya Wasomaji

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zimetoka Dodoma, nazo zinagusa jambo moja: namna klabu za mpira zinavyoweza kuwavuta watoto na familia zao uwanjani. Nimezijibu kwa pamoja, ingawa ya kwanza imenichukua nafasi kubwa kuliko nyingine.

Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa klabu ya daraja la chini hapa Dodoma mjini. Timu yetu inacheza vizuri, lakini watazamaji ni wale wale, wanaume wapatao 300, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 40 na zaidi. Watoto wa mtaani kwetu huvaa jezi za Simba na Yanga, na sisi tunapocheza wao wamejazana kwenye kibanda umiza. Msimu uliopita tulimleta msanii wa singeli na kugawa fulana. Siku hiyo watu walifurika, lakini mechi iliyofuata tulirudi kwa wale wale 300. Sasa kamati inataka kuongeza fedha za burudani. Je, ni njia sahihi? — Katibu wa klabu, Chang'ombe, Dodoma.

Ndugu Katibu, kamati isubiri kidogo kabla ya kutoa fedha hizo. Msanii ni mgeni wa siku moja. Waliomfuata walimfuata yeye, na alipoondoka waliondoka naye. Fulana mlizogawa bila shaka zinavaliwa shambani.

Ningependa kamati ijiulize kwanza ni nani, katika nyumba za mtaani kwenu, anayeamua kwamba Jumamosi jioni watoto watoke na kwenda mahali fulani. Baba hujiamulia safari yake na kuondoka, lakini watoto hawavuki kizingiti mpaka mama awe ameridhika na huko wanakokwenda, anayewapeleka na saa ya kurudi. Matangazo yenu yote, kuanzia gari lenye vipaza sauti linalozunguka Majengo hadi mabango ya barabarani, yanamsemesha baba, ambaye tayari anakuja. Mama hajawahi kuulizwa lolote.

Mwulizeni. Karibu kila mtaa wa Dodoma una kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, VICOBA au kingine, kinachokutana kila wiki siku ile ile na saa ile ile. Ombeni dakika 20 mwishoni mwa kikao chao, aende katibu pamoja na mchezaji mmoja mwenye adabu, na msiende kuwahutubia. Nendeni na daftari mkaandike watakayosema.

Nina hakika jambo la kwanza litakuwa choo. Viwanja vingi vya madaraja ya chini vilijengwa kana kwamba hakuna mwanamke atakayekanyaga pale; mwanamume huenda nyuma ya ukuta na mambo yakaishia hapo. Mama mwenye binti wa miaka 6 hana ukuta wa kwenda nyuma yake. Akizipigia hesabu saa mbili na nusu za kukaa pale, anabaki nyumbani, wala hatakuja ofisini kwenu kueleza kwa nini hakuonekana. Matundu mawili ya choo yenye milango inayofungika kwa ndani, maji, sabuni, na mama mmoja anayelipwa kuyasimamia siku ya mechi ni gharama ndogo kuliko jukwaa la singeli na mitambo yake. Kama kuna shilingi moja tu ya kutumia msimu huu, iende huko.

La pili ni jua. Anayeijua Dodoma ya Oktoba, kabla mvua za Desemba hazijaanza, anajua kwamba saa kumi alasiri jua bado linachoma na upepo unarusha vumbi machoni. Wajenzi wa viwanja hupendelea kuweka jukwaa kuu upande wa magharibi ili jua la jioni liwe mgongoni mwa watazamaji. Kama uwanja wenu hauna jukwaa, fungeni upande huo maturubai yale yale tunayokodi kwa harusi na misiba, pangeni viti vya plastiki, na eneo hilo lijulikane kuwa la familia. Nimeona mara nyingi sehemu nzuri kuliko zote ikitengewa viongozi na wageni waalikwa ambao nusu yao hawafiki. Wahamishieni viongozi juani kwa mechi moja tu, nao watakuwa mafundi hodari wa kutafuta kivuli.

Kuhusu kiingilio, hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mnatoza shilingi 2,000 kwa kila kichwa. Baba akitaka kuja na mkewe na watoto watatu atalipa 10,000, bado bajaji ya kwenda na kurudi, bado maji na karanga. Kwa hiyo anakuja peke yake, nanyi mnapata 2,000. Mkiweka tiketi ya familia ya shilingi 4,000 kwa wazazi wawili na watoto wao walio chini ya miaka 12, mmepata mara mbili ya mlichokuwa mnapata, tena kwa nafasi ambazo zingebaki wazi. Lakini msitangaze tu kwamba watoto ni bure bila kumtaja mtu mzima anayefuatana nao. Mimi niliingia uwanjani mara ya kwanza kwa kumwomba getini mtu nisiyemjua, "Mjomba, niingize," naye akanishika mkono hadi ndani, kisha akaniacha huko. Enzi zile tuliuona huo kuwa ujanja. Leo nikimwona mtoto wa miaka 8 akifanya hivyo, namtafuta mlinzi.

Sasa nije kwenye jezi za Simba na Yanga, maana naona ndizo zinazowauma zaidi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Mapenzi hayo yamerithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na klabu ya mtaa haiwezi kuyang'oa kwa msimu mmoja, wala haina haja ya kujaribu. Hata Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, huwapokea wakubwa hao kwenye Uwanja wa Jamhuri huku wakazi wengi wa Dodoma wakiwa wamevaa rangi za wageni. Msimlazimishe mtoto kutoa talaka. Mtoto anaweza kuwa na timu ya kuisikiliza redioni na kuitazama kwenye runinga, akawa pia na timu ambayo beki wake wa kushoto anakutana naye dukani akinunua unga. Hilo la pili Simba na Yanga hawawezi kumpa mtoto wa Chang'ombe, nanyi mnaweza kila siku. Jina la utani la Dodoma Jiji, Walima Zabibu, lina maana kwa mtoto ambaye bibi yake ana mizabibu Hombolo au Mpunguzi, kwa sababu linamtaja yeye na watu wake. Klabu yenu nayo itafute kitu cha namna hiyo, kilichotoka mtaani na si kwenye kikao cha kamati.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani kidogo. Watford, klabu ya mji ulio kaskazini-magharibi mwa London, ilikuwa daraja la nne mwaka 1977. Mwaka 1982 ilipanda daraja la kwanza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa la juu kabisa Uingereza, na mwaka uliofuata ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool. Huo ulikuwa wakati ambapo viwanja vya Uingereza vilisifika kwa ngumi na matusi, na wazazi wengi waliviogopa. Watford, chini ya mwenyekiti wake, mwanamuziki Elton John, na kocha Graham Taylor, ilitenga eneo la familia uwanjani na kuwatuma wachezaji kwenda kuonana na wakazi wa mji wao. Kuwatuma wachezaji shuleni ni jambo mnaloweza kulifanya Jumatatu ijayo. Wachezaji wawili, mpira mmoja, dakika 40 za kucheza na darasa la nne, kisha waseme mechi ni lini na saa ngapi.

Halafu wapeni watoto uwanja. Wakati wa mapumziko, badala ya muziki, ziingie timu mbili za watoto wa chini ya miaka 10 kutoka shule mbili za kata yenu, wacheze dakika 10 kwa magoli madogo. Kila mtoto atakuja na mama, bibi, shangazi na kaka zake, na hao hawawezi kuondoka mapumziko kwa kuwa mtoto wao atataka kuona kipindi cha pili. Walimu wa michezo wanaoandaa vikosi vya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, wanawajua watoto hao kwa majina. Anzieni kwao, na si kwa wakala yeyote anayejiita mkuza vipaji.

Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 7. Mwaka jana niliwapeleka kwenye mechi moja kubwa. Getini tulisukumwa hadi binti akapoteza kiatu, ndani tulizungukwa na matusi ya nguoni, na chupa ilipita juu ya vichwa vyetu. Mume wangu anasema uwanjani si mahali pa wanawake. Mwanangu ananisumbua turudi. Nifanyeje? — Mama wa Ipagala, Dodoma.

Pole sana, mama. Kwa uwanja wenye hali uliyoieleza, una haki ya kutorudi, na asikulaumu mtu. Lakini kwa mumeo nina kisa kimoja cha kumpa. Klabu ya Fenerbahçe ya Istanbul iliadhibiwa mwaka 2011 icheze bila mashabiki kwa sababu ya fujo, kisha wakuu wa soka wa Uturuki wakaibadili adhabu: waingie wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 pekee, bure. Tarehe 20 Septemba waliingia zaidi ya 41,000 kutazama sare ya 1-1 dhidi ya Manisaspor, na timu ya wageni ilipotoka ikapokewa kwa makofi badala ya kuzomewa. Sishauri wanaume wafungiwe nje. Ninachosema ni kwamba wanawake na watoto 41,000 hawazuki kwa siku moja. Walikuwapo mjini siku zote, na mpira walikuwa wakiupenda.

Msukumano wa getini ndio unaonitia hofu kuliko matusi. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu 8 walikufa langoni kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro. Klabu inayotaka familia lazima iwe na lango lao peke yao, lifunguliwe saa mbili kabla ya mechi, na lisigeuzwe kuwa lango la watu wakubwa pale foleni nyingine inaporefuka. Kwa sasa, mwanao akizidi kukusumbua, mpeleke kwanza kwenye mechi ndogo, za madaraja ya chini au za vijana, ambako watu ni wachache na mtoto anasikia hata kocha anavyofoka. Fika mapema, kaa karibu na njia ya kutokea, na umwekee kila mtoto mfukoni karatasi yenye namba yako ya simu.

Mchukue na binti. Mwaka 2023 huko Durban, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa hiyo anayemwambia mtoto wa kike wa Dodoma kwamba mpira ni wa kaka yake amechelewa kupata habari. Ukisikia timu ya wanawake inacheza mjini, anza na hiyo. Mara nyingi matusi ni machache, na binti yako ataona watu wanaofanana naye.

Shikamoo Mshauri. Ninasoma chuo hapa Dodoma na ninajitolea kuendesha kurasa za mtandaoni za klabu moja. Ninataka kuanzisha shindano la video fupi za watoto wakishangilia timu, tukusanye majina, shule na namba zao za simu, washindi wapewe jezi. Unalionaje? — Mwanafunzi, Dodoma.

Marahaba, mwanangu. Jezi toa, ila majina, shule na namba za watoto usizikusanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka upate ridhaa, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka ustawi wa mtoto mbele ya manufaa ya mtu mwingine, klabu ikiwamo. Picha ya mtoto wa miaka 10 yenye jina lake na shule yake, ikiwa wazi kwa kila mtu, inamwelekeza mtu mbaya mahali pa kumsubiri. Mzazi ajaze fomu, video itumwe na mzazi, na jina la shule lisitajwe.

Tena mtoto huyo, kwa kawaida, hana simu. Anatumia ya mama yake. Kwa hiyo tengeneza kundi la WhatsApp la wazazi, lenye wasimamizi wawili na lisiloruhusu wengine kuandika, na utume humo mambo matatu tu: siku ya mechi, saa ya kuanza na saa ambayo mechi inatarajiwa kuisha. Ratiba hubadilika mara kwa mara, na mama aliyewavalisha watoto kwa mechi ya saa kumi kisha akakuta imesogezwa hadi saa moja usiku hatawavalisha mara ya pili. Ukipata habari ya mabadiliko saa sita mchana, itume saa sita na dakika moja, kabla hujaanza kutengeneza bango lake.