Ganzi ya mgongoni kwa mama mwenye mgongo uliopinda

Dada, pole kwa wasiwasi. Unasema mama ana mgongo uliopinda na mfereji wa uti wa mgongo umebana, anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wiki ijayo anapasuliwa goti kwa ganzi ya epidurali, yaani dawa inayopitishwa mgongoni kwa sindano na mpira mwembamba. Unauliza kama anaweza kuvuja damu mgongoni.

Anaweza, ingawa ni nadra sana. Pale sindano inapoingia pana vena ndogo zenye kuta nyembamba. Mgongo ukipinda, sindano huhangaika kupata njia. Mtu huchomwa mara mbili tatu, na vena inaweza kupasuka. Kwenye mfereji mpana damu hupata pa kuenea. Kwa mama nafasi ni finyu, hata bonge dogo la damu linaweza kukandamiza neva.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo warfarini. Mwambieni daktari wa usingizi leo hii. Kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, kisha INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) hupimwa, lakini msiiache kwa uamuzi wenu. Muulizeni pia kama usingizi kamili ungemfaa zaidi.

Baada ya upasuaji kaa naye, asogeze vidole vya miguu mara kwa mara. Ganzi ikichelewa kuisha, au ikiisha kisha miguu ikalegea upya, mgongo ukauma vikali, au mkojo ukagoma, ita daktari papo hapo na uombe MRI (picha ya ndani ya mgongo) ya haraka. Bonge likiondolewa ndani ya saa 8 hivi, miguu ina nafasi nzuri zaidi ya kupona. Ule mpira mwembamba wa dawa ukichomolewa, damu inaweza kuvuja pia. Endelea kumwangalia hata siku inayofuata.